Majani ya Njano Bustanini: Magnesiamu Inasaidia Lini?



Kamati nyingi za parokia na za sharika zina bustani. Moja ni ya akina mama, na mboga zake huuzwa gulioni ili kulipia ada za watoto. Nyingine ni ya shule ya chekechea, na kinachochumwa asubuhi huingia katika sufuria mchana. Wapo pia wanaotunza maua ya vyungu katika ofisi ya parokia na mlangoni pa kanisa. Bustani hizi zote hufikwa na jambo moja: majani huanza kuwa ya njano. Mara hutokea mtu wa kushauri, "Wekeni chumvi ya haluli, ina magnesiamu." Ombi la fedha huandikwa, mfadhili huombwa achangie, na mfuko hununuliwa.

Wakati mwingine mimea hupona vizuri. Wakati mwingine hakuna kinachobadilika, na fedha iliyokusudiwa mbegu au mpira wa maji imekwisha. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa lugha nyepesi magnesiamu ni nini, dalili za upungufu wake ni zipi, hutumiwaje bustanini na katika vyungu, na kamati ijiulize nini kabla ya kutoa shilingi yake. Kwa ufupi, magnesiamu hutibu upungufu wa magnesiamu tu. Anayeinunua kwa sababu nyingine anapoteza fedha, na pengine anaudhuru mmea.

KAZI YA MAGNESIAMU KATIKA MMEA

Wakulima wengi wanafahamu virutubisho vitatu vikuu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Hivyo ndivyo vinavyoandikwa kwa herufi N, P na K juu ya mifuko ya mbolea. Baada ya hivyo vinafuata kalisi, magnesiamu na salfa. Mmea huvihitaji kwa kiasi kidogo kuliko naitrojeni, lakini hauwezi kuishi bila hivyo.

Rangi ya kijani ya jani hutokana na umbijani, ambao wengine huuita klorofili. Umbijani ndio unaonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Katikati ya kila chembe ya umbijani ipo chembe moja ya magnesiamu. Mwanakemia wa Ujerumani, Richard Willstätter, aliyeonyesha kuwa magnesiamu ni sehemu ya umbijani wenyewe, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea. Aidha, magnesiamu husaidia kusafirisha sukari kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi na matunda. Mmea uliopungukiwa hudumaa chini ya ardhi kabla hata mkulima hajaona mabadiliko juu.

KWA NINI UDONGO HUPUNGUKIWA?

Sababu ya kwanza ni mvua. Udongo haushiki magnesiamu kwa nguvu sana, hivyo maji mengi huishusha chini, mbali na mizizi. Ndiyo maana upungufu huonekana zaidi katika nyanda za juu zenye mvua nyingi na udongo wenye tindikali, na pia katika udongo wa kichanga. Tunazungumzia maeneo kama sehemu za Kagera, milima ya Usambara, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na magharibi mwa Kenya. Kinyume chake, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbugani, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, kwa kawaida una magnesiamu ya kutosha. Kuongeza nyingine huko ni kumwaga maji baharini.

Sababu ya pili haifahamiki na wengi: magnesiamu inaweza kuwepo udongoni, lakini mmea ukashindwa kuipata. Potasiamu, kalisi na magnesiamu hushindana kuingia katika mzizi. Potasiamu ikizidi sana, magnesiamu husukumwa pembeni. Jambo hili hutokea katika bustani ndogo zinazopendwa kupita kiasi, ambako majivu ya jikoni humwagwa kila siku kwenye tuta lile lile, au mbolea yenye potasiamu nyingi huwekwa kila wiki ili nyanya zizae. Majivu yana faida, na yana magnesiamu kidogo pia, lakini potasiamu yake ni nyingi zaidi. Hapo tiba ya kwanza ni kupunguza majivu, na haigharimu kitu.

Sababu ya tatu ni mizizi isiyofanya kazi. Udongo uliotuama maji, uliokauka mno, au wenye minyoo fundo hauwezi kulisha mmea hata ungekuwa na rutuba ya namna gani.

DALILI ZAKE

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Upungufu wa magnesiamu nao una mawingu yake, na ni vyema kila mwanakamati ajifunze kuyasoma.

Magnesiamu huweza kuhama ndani ya mmea. Inapopungua, mmea huitoa katika majani ya zamani na kuipeleka katika majani machanga. Kwa hiyo dalili huanzia chini na kupanda juu. Jani la chini huwa la njano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Hali ikiendelea, sehemu za njano hugeuka kahawia na jani huanguka.

Kwa mazao tunayoyafahamu dalili huwa hivi:

1. Nyanya: majani ya chini huwa na madoa mapana ya njano kati ya mishipa, hasa matunda yanapoanza kujaa.

2. Kahawa: majani ya zamani hubaki na kijani kando ya mshipa mkuu na mishipa ya pembeni, na njano hujaa katikati.

3. Michungwa na milimau: jani la zamani huwa la njano, lakini karibu na kikonyo hubaki umbo la kijani linalofanana na ncha ya mkuki.

4. Mahindi: majani ya chini huwa na mistari myembamba ya njano na kijani kwa urefu wa jani.

5. Michikichi ya mapambo na jamii yake: makuti ya zamani huwa na ukanda mpana wa njano pembeni, na katikati hubaki kijani.

Tafadhali tusichanganye dalili hizi na nyingine zinazofanana nazo. Majani ya chini yakiwa ya njano kote, pamoja na mishipa yake, mara nyingi kilichopungua ni naitrojeni, na tiba yake ni samadi au mboji. Njano kati ya mishipa ikianzia katika majani machanga ya juu, kinachoshukiwa ni chuma. Kingo za majani ya zamani zikiungua kana kwamba zimepitiwa na moto, huenda ni potasiamu. Mmea ukinyauka ilhali udongo umelowa, chunguza mizizi kwanza. Na jani moja au mawili ya chini yakizeeka na kuanguka, hiyo ni kawaida ya mimea yote.

AINA ZA MBOLEA ZENYE MAGNESIAMU

Chumvi ya haluli. Wazee wanaikumbuka kama dawa ya kusafisha tumbo. Kitaalamu ni salfeti ya magnesiamu, na madukani huuzwa pia kwa jina la chumvi ya Epsom. Epsom ni mji wa Uingereza, karibu na London, uliopata sifa katika karne ya 17 kwa chemchemi ya maji machungu. Mwaka 1695 mwanasayansi Nehemiah Grew aliandika kuhusu chumvi iliyopatikana katika maji hayo. Chumvi hii huyeyuka upesi majini. Ina takriban asilimia 10 ya magnesiamu na asilimia 13 ya salfa. Maana yake ni kwamba katika kilo moja unanunua gramu 100 tu za magnesiamu. Haibadilishi tindikali ya udongo.

Kiserite. Nayo ni salfeti ya magnesiamu, lakini ina maji kidogo ndani yake, hivyo magnesiamu yake ni zaidi, takriban asilimia 16. Huyeyuka polepole kuliko haluli na hutumika zaidi katika mashamba makubwa.

Chokaa ya dolomiti. Hili ni jiwe lililosagwa, lenye kalisi na magnesiamu pamoja. Dolomiti safi ina takriban asilimia 13 ya magnesiamu, na ya dukani mara nyingi huwa na pungufu ya hapo. Hufanya kazi taratibu, kwa miezi, lakini faida yake ni mbili: huongeza magnesiamu na hupunguza tindikali. Kwa udongo wenye pH chini ya 5.5 ndiyo inayofaa zaidi. Kwa udongo usio na tindikali haifai. Si kila chokaa ni dolomiti: chokaa ya kawaida ina kalisi pekee, hivyo someni maandishi ya mfuko au muulizeni muuzaji wa pembejeo.

Samadi na mboji. Zina magnesiamu kidogo, lakini zinawekwa kwa wingi, na zaidi ya hapo huufanya udongo ushike virutubisho visichukuliwe na mvua. Bustani inayopata mboji iliyoiva kila msimu ni nadra kuhitaji haluli.

VIPIMO NA NAMNA YA KUTUMIA

Kupulizia majani. Hii ndiyo njia ya haraka pale dalili zinapokuwa wazi. Yeyusha gramu 20 za haluli katika lita 1 ya maji, na ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Pulizia asubuhi na mapema, jioni au siku ya mawingu, kwani jua kali huweza kuunguza majani yaliyolowa. Rudia baada ya wiki mbili, mara mbili au tatu. Kwa mimea michanga na yenye majani laini anza na nusu ya kipimo hicho. Kilo moja hutoa lita 50 za maji ya kupulizia, yaani mabomba matatu ya mgongoni ya lita 16. Kamati isiyo na mizani itumie kijiko cha chai kilichosawazishwa, ambacho hubeba takriban gramu 5.

Kuweka udongoni. Tumia gramu 30 za haluli kwa kila mita moja ya mraba, kisha mwagilia. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litahitaji gramu 300. Kwa dolomiti mnaweza kuanza na gramu 100 kwa mita ya mraba, ikichanganywa na udongo kabla ya kupanda. Udongo wenye tindikali kali huhitaji zaidi, lakini kiasi hicho kipangwe na afisa ugani baada ya udongo kupimwa.

Tahadhari moja: msichanganye haluli na mbolea ya naitreti ya kalisi katika bomba moja. Vikikutana vikiwa vikali hutengeneza mashapo meupe yanayoziba pua ya bomba.

Jaribio dogo kwanza. Kabla ya kununua kwa ajili ya bustani nzima, chagueni mimea sita yenye dalili zinazofanana. Mitatu ifungieni kitambaa na kuipulizia. Mitatu iacheni ilivyo. Mengine yote yawe sawa: maji, palizi na samadi. Subirini wiki tatu. Msitegemee jani lililokwisha kuharibika lirudi kijani. Angalieni kama njano imeacha kupanda juu na kama majani mapya yanakua vizuri. Mitatu iliyopuliziwa ikiipita mingine, mmepata jibu. Isipoipita, mmeokoa fedha. Mwenda pole hajikwai.

MIMEA YA NDANI YA NYUMBA

Mmea wa chungu una udongo kidogo, na kila ukimwagiliwa virutubisho hutoka kwa tundu la chini. Hivyo ni kweli kwamba unaweza kupungukiwa na magnesiamu. Lakini kwa mimea ya ofisini sababu za kawaida za majani ya njano ni maji mengi kupita kiasi na mwanga hafifu. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu.

Kwanza, ingizeni kidole udongoni hadi fundo la pili. Kama kuna unyevu, msimwagilie. Hakikisheni pia chungu au kopo lina tundu chini.

Pili, sogezeni mmea karibu na dirisha na mwangalie wiki mbili.

Tatu, kama mmea umekaa katika udongo ule ule kwa miaka miwili au zaidi, ubadilishieni udongo mpya uliochanganywa na mboji. Mara nyingi hapo tatizo huisha.

Nne, kama bado majani ya zamani yana njano kati ya mishipa, yeyusheni kijiko kimoja cha chai cha haluli katika lita 4 za maji, na mwagilieni kwa maji hayo mara moja kwa mwezi badala ya maji ya kawaida. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, chumvi imerundikana. Acheni haluli, na mwagilieni maji safi mengi mpaka yatoke chini.

MADHARA YA KUZIDISHA

Ushindani wa virutubisho tulioueleza huenda pande zote mbili. Magnesiamu ikizidi, mmea hushindwa kupata kalisi na potasiamu. Mfano wake ni nyanya zinazooza kitako, yaani tunda linapoanza kuwa na doa jeusi lililobonyea sehemu ya chini. Watu wengi huwekea haluli. Ugonjwa huo hutokana na kalisi kutofika katika tunda, na chanzo chake kikubwa ni kumwagilia kwa kubahatisha, leo maji mengi na kesho hakuna. Kuongeza magnesiamu hapo huweza kuzidisha tatizo. Dawa ni maji ya kiasi kila siku na matandazo ya nyasi kuzunguka mashina.

Haluli pia haifukuzi konokono wala wadudu, na haitibu mnyauko wa bakteria.

Kwa parokia zenye zahanati tunaongeza jambo zito. Salfeti ya magnesiamu ya sindano ni dawa inayookoa maisha ya akina mama wenye kifafa cha mimba. Isitolewe kamwe stoo kwa ajili ya bustani, hata kama imekaribia kuisha muda. Na haluli ya bustani isitumike kama dawa ya mtu yeyote, wala isiwekwe mahali ambapo watoto wanaweza kuifikia. Iandikwe jina na ifungiwe pamoja na pembejeo nyingine.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Ombi la kununua mbolea ya magnesiamu likifika mezani, tunashauri kamati ijibu maswali haya matano kabla ya kupiga kura:

1. Njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Je, mishipa imebaki kijani?

2. Majivu au mbolea yenye potasiamu imewekwa kiasi gani msimu huu?

3. Maji yanatuama? Mizizi imechunguzwa?

4. Jaribio la mimea sita limefanyika, na matokeo yameandikwa?

5. Udongo umepimwa?

Juu ya swali la tano, vipimo vya udongo hufanyika katika maabara kama za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha TARI Mlingano, Tanga. Kwa Kenya ipo maabara ya KALRO, Kabete. Chukueni udongo kidogo kutoka sehemu kumi hivi za bustani, kwa kina cha sentimeta 20, uchanganyeni vizuri katika ndoo safi, kisha toeni kiasi cha nusu kilo. Msichukue penye majivu wala penye samadi mbichi. Ombeni wapime pH, potasiamu, kalisi na magnesiamu kwa pamoja, kwa kuwa namba moja peke yake haielezi ushindano wa virutubisho hivyo. Parokia jirani zenye udongo tofauti zipime kila moja yake.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Mfuko wa mbolea unaonekana, unapigwa picha, na unaingia vizuri katika taarifa. Kipimo cha udongo ni karatasi moja tu. Lakini karatasi hiyo ndiyo inayoiambia kamati kama inahitaji kilo moja ya haluli, magunia ya dolomiti, au mboji ambayo akina mama wanaweza kuitengeneza wenyewe kwa nyasi, majani na samadi ya zizini. Mchango unaolipia kipimo na mafunzo ya kusoma majani hubaki kijijini miaka mingi baada ya mfuko kwisha.

Kwa kamati tunasisitiza kutunza daftari la bustani. Andikeni tarehe, tuta, kilichowekwa, kiasi chake na kilichotokea. Kamati mpya ikichaguliwa, itaanzia mlipofika ninyi, na mfadhili akiuliza fedha yake imefanya nini, mtakuwa na jibu la kumwonyesha.

Kabla ya mkutano wenu ujao, tunawaomba wanakamati wapite bustanini pamoja, wainue majani ya chini na kuyatazama yakiangaziwa na jua. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Mnaweza kukuta upungufu wa magnesiamu, na sasa mnajua la kufanya. Mnaweza pia kukuta mfereji ulioziba au majivu yaliyorundikana, na fedha ya mbolea ikabaki kwa ajili ya mbegu.